Ununuzi wa Pamoja wa Shule za Umma Marekani: Chombo Kimo Mikononi mwa Nani?

Katika madarasa yetu ya itikadi ushirika hufundishwa zaidi kwa upande wa kuuza. Mwanachuo akitakiwa kutoa mfano, upesi atataja kahawa ya Kilimanjaro na KNCU iliyoandikishwa mwaka 1933, au pamba ya Usukuma na vyama vilivyounganishwa katika Victoria Federation katika miaka ya 1950. Mifano hiyo ni sahihi. Mkulima aliyeuza peke yake alipunjwa, na alipoungana na wenzake akapata sauti mbele ya mizani. Lakini ushirika una upande wa pili, upande wa kununua, na katika historia ya ushirika wa kisasa huo ndio uliotangulia. Wale wafumaji na mafundi 28 wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao Desemba 1844, hawakuwa na mazao ya kuuza. Walichokuwa nacho ni mshahara mdogo, na mshahara huo uliliwa mara ya pili na wenye maduka waliowauzia unga uliochanganywa takataka. Waliungana ili wanunue.

Tunataka hapa kuuchunguza upande huo kwa kutumia mfano ambao kwa mtazamo wa kwanza utawashangaza baadhi ya makada, yaani shule za umma za Marekani. Wanachuo wetu huuliza, na wana haki ya kuuliza, tunakwenda kutafuta nini cha ushirika katika makao makuu ya ubepari? Jibu letu ni kwamba kule ndiko ugomvi wenyewe unakoonekana bila pazia. Shule ya umma ya Marekani ni mali ya umma na huendeshwa kwa kodi ya umma, lakini kila kitabu, dawati, chaki na pakiti ya maziwa huinunua kwa mabepari. Siku ya kufungua bahasha za tenda, umma na mtaji hukaa pande mbili za meza moja. Katika karne moja na nusu iliyopita umma huo umejaribu mara nyingi kuungana ili ununue kwa nguvu. Mara nyingine umeshinda. Mara nyingine chombo cha kuungana kimebaki na jina lake lakini kimehama mikono. Hilo la pili ndilo linalotuhusu zaidi.

Wanunuzi laki moja, muuzaji mmoja

Kwanza hapana budi kuelewa jinsi elimu ya Marekani ilivyogawanywa. Nchi ile haina wizara moja inayomiliki shule. Tangu enzi za Horace Mann, aliyekuwa katibu wa bodi ya elimu ya jimbo la Massachusetts kuanzia mwaka 1837, shule ya umma ilikua kama jambo la mahali. Kila wilaya ya shule ina bodi yake, kodi yake na kasha lake. Wilaya hizo si kubwa kama wilaya zetu. Nyingi zilikuwa na shule moja tu, chumba kimoja na mwalimu mmoja. Mnamo mwaka wa masomo 1931-32 zilihesabiwa wilaya zaidi ya 127,000. Sasa, baada ya miaka mingi ya kuunganishwa, zimebaki kama 13,000.

Wapenda ubepari husifu mpangilio ule kwamba ni demokrasia ya mashinani, na hatukatai kwamba ndani yake imo demokrasia. Wazazi walijichagulia bodi, wakajitoza kodi, wakamwajiri mwalimu. Lakini tuutazame kwa jicho la mnunuzi. Laki moja na zaidi za bodi, nyingi zikiwa za wakulima wasiojua bei ya kitabu katika wilaya ya jirani, kila moja ikinunua vitabu 30 au 40 kwa wakati wake. Mbele yao alisimama wakala wa mchapishaji mwenye sanduku la sampuli, aliyejua bei za kote na udhaifu wa kila mjumbe wa bodi. Kulikuwa na hongo, na habari zake zilijaa magazeti ya wakati huo.

Halafu wauzaji wakaungana. Mwaka 1890 wachapishaji wanne wakubwa wa vitabu vya shule waliunganisha biashara zao wakaunda American Book Company. Ndani yake vikaingia vitabu maarufu vya kusomea vya McGuffey, vilivyokuwa vimelea vizazi vya watoto wa Marekani. Kampuni hiyo ilishika sehemu kubwa ya soko la vitabu vya shule za msingi, na watu wakaiita kwa jina la ukiritimba wa vitabu. Hapa tuweke alama. Mabepari, wanaohubiri kwamba ushindani ndio uhai wa uchumi, walikuwa wa kwanza kushirikiana. Ushindani waliuacha kwa wanunuzi.

Wakulima wa Marekani wenyewe walikwisha kuijaribu silaha ya kununua pamoja, si kwa ajili ya shule bali kwa ajili ya mashamba. Chama cha Grange, kilichoanzishwa mwaka 1867, kilikusanya oda za wanachama katika miaka ya 1870, kikanunua majembe ya kukokotwa na cherehani moja kwa moja kiwandani. Huko Iowa kilithubutu hata kutengeneza mashine zake za kuvunia, na mradi huo ukaanguka. Farmers' Alliance ya Texas ikafungua soko lake la pamoja mjini Dallas mwaka 1887, chini ya Charles Macune. Benki zikakataa kulikopesha, na kufikia mwisho wa mwaka 1889 lilikuwa limefungwa. Kununua pamoja kunahitaji fedha ya kuzungushia, na fedha ilikuwa imeshikwa na tabaka lilelile lililokuwa likikwepwa. Wakulima wa namna hiyo ndio waliokaa katika bodi za shule za vijijini, na kwa kodi yao umma ulikuwa na kitu ambacho Alliance haikuwa nacho, yaani hazina ya jimbo.

California ilikwenda mbali kuliko majimbo mengine. Mwaka 1884 wapiga kura wake walibadilisha katiba ya jimbo na kuamuru vitabu vya shule vichapwe na kiwanda cha serikali ya jimbo mjini Sacramento, viuzwe kwa watoto kwa gharama ya kuvitengeneza. Kwa maneno mengine, mnunuzi mmoja badala ya maelfu, naye akajifanya mchapaji. Mkada anayesoma habari hii atafurahi, na tunamwomba asifurahi upesi. Vitabu vya kwanza vilikuwa dhaifu na walimu walivilalamikia. Kiwanda kilikuwa na mashine, lakini waandishi wazuri na haki za vitabu vyao walikuwa mikononi mwa wachapishaji wa binafsi. Mwaka 1903 sheria ikaruhusu jimbo kukodi kwa wachapishaji hao zile bamba za kuchapia. Mashine zikabaki za umma, wino ukabaki wa umma, na maneno yaliyochapwa yakalipiwa kodi. Hata hivyo jaribio hilo halikupotea bure, kwani mwaka 1912 katiba ilibadilishwa tena na watoto wa shule za msingi wakapewa vitabu hivyo bila malipo. Kansas iliiga uchapaji wa jimbo mwaka 1913. Texas iliamua kuwapa watoto vitabu bure mwaka 1918, lakini ikavinunua badala ya kuvichapa.

Ni vizuri kuitaja Texas hapa, maana inaonyesha hatari nyingine. Jimbo kubwa linaponunua vitabu kwa orodha moja, mchapishaji huandika kitabu cha kumridhisha mnunuzi huyo mkubwa, kisha hukiuza kitabu hichohicho kwingine. Kwa miaka mingi makundi ya wahafidhina yalielewa hivyo yakaenda kushindana mbele ya kamati za Texas juu ya sura za historia na sayansi, yakijua kwamba mstari ukifutwa pale utakuwa umefutwa katika majimbo mengi. Anayenunua kwa wingi hapati bei peke yake. Anapata pia sauti juu ya kitu chenyewe kitakavyokuwa, na kwa hiyo kila tabaka lenye akili litataka kukaa katika kiti chake.

Chombo cha mwaka 1948

Baada ya Vita Kuu ya Pili jimbo la New York lilikuwa na wilaya nyingi ndogo za vijijini zisizoweza kuajiri hata mwalimu wa muziki au muuguzi wa shule. Mwaka 1948 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuunda vyombo vinavyoitwa BOCES, yaani bodi za huduma za pamoja za elimu. Vilikusudiwa kuwa vya muda tu. Vipo mpaka leo, navyo ni 37.

Tuvieleze kwa kirefu kidogo, kwa sababu uzuri wa chombo hiki uko katika vifungu vyake. Wilaya hazikuvunjwa. Kila moja ilibaki na bodi yake na kodi yake, lakini zikakubali kuwa na mkono mmoja wa kufanyia kazi ambazo peke yao zisingeziweza: ufundi, elimu ya watoto wenye ulemavu, na baadaye hesabu za kompyuta na ununuzi. Wilaya huagiza huduma inayotaka kila mwaka, na isiyotaka haiagizi. Tenda ya karatasi, ya vifaa vya usafi au ya vyakula hutangazwa mara moja kwa niaba ya wilaya zote zilizojiandikisha. Kisha jimbo hurudisha sehemu ya gharama za huduma zilizokubaliwa, na kiasi kinachorudishwa hutegemea utajiri wa wilaya, maskini wakirudishiwa sehemu kubwa zaidi. Kifungu hicho cha mwisho ndicho tunachokiona kuwa cha kimapinduzi, ingawa waliokitunga wasingependa kuitwa hivyo. Kinakiri kwamba kuungana peke yake hakutoshi, lazima aliyenacho zaidi achangie zaidi.

Kuna kasoro iliyo wazi. Miji mitano mikubwa ya jimbo, yaani New York, Buffalo, Rochester, Syracuse na Yonkers, imewekwa nje ya vyombo hivi. Ndiyo miji yenye watoto wengi wa wafanyakazi, weusi na wahamiaji.

Kwa upande wa chakula, serikali kuu iliingia mwaka 1946 kwa sheria ya taifa ya chakula cha mchana mashuleni, iliyotiwa saini na Rais Truman. Serikali ilinunua mazao ya ziada kwa wakulima ikayagawa mashuleni. Tusidanganyike na huruma hiyo. Nia moja ilikuwa kulisha watoto, nia ya pili ilikuwa kulinda bei ya wenye mashamba makubwa, na katika miaka ambayo nia hizo mbili ziligongana haikuwa shida kutambua ipi ilisukumwa pembeni. Sehemu kubwa ya mahitaji ya jikoni iliendelea kununuliwa na kila wilaya kwa tenda yake. Humo yalikuwamo maziwa.

Kisa cha maziwa tungependa kila mkufunzi wa siasa akijue. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, uchunguzi ulioanzia Florida uligundua kwamba makampuni ya maziwa yalikuwa yakipanga tenda za shule kwa siri. Yaligawana wilaya, huyu achukue hizi na yule zile, na asiyepangiwa kushinda alitia bei ya juu kwa makusudi ili ionekane kulikuwa na ushindani. Mambo hayo yakagunduliwa katika jimbo baada ya jimbo, na serikali ikafungua kesi za jinai zaidi ya 100. Makampuni yalitozwa faini na baadhi ya wakuu wao wakafungwa. Wanauchumi wawili, Robert Porter na Douglas Zona, walizichambua tenda za Ohio za miaka ya 1980, na katika makala yao ya mwaka 1999 walikadiria kwamba njama ya makampuni kadhaa pale ilipandisha bei kwa wastani wa asilimia 6.5.

Kwa nini njama ilikuwa rahisi vile? Si kwa sababu wauza maziwa walikuwa waovu kuliko mabepari wengine. Maziwa ya kampuni moja ni sawa na ya nyingine, hivyo hakuna cha kushindania isipokuwa bei. Maziwa hayasafirishwi mbali bila gharama, hivyo kila eneo lilikuwa na wauzaji wachache wanaojuana. Juu ya hayo, sheria nzuri ya kuwalinda walipa kodi iliagiza kwamba bahasha zifunguliwe hadharani na bei za wote zisomwe, na kwa hiyo kila mwanachama wa njama aliweza kusikia kwa masikio yake kama mwenzake ametimiza ahadi au amesaliti. Uwazi wa umma ukawa askari wa njama ya mtaji. Mamia ya tenda ndogondogo, kila moja ikitangazwa peke yake, zilikuwa kama karata za kugawana mezani. Tenda moja kubwa ya wilaya nyingi ni vigumu zaidi kuigawa, na huweza kumshawishi muuzaji wa mbali kuja. Walakini tenda kubwa nayo humtupa nje mwenye kiwanda kidogo asiyeweza kupeleka maziwa katika shule mia mbili alfajiri moja. Wanaosema ununuzi wa pamoja ni dawa isiyo na madhara hawajawahi kuiangalia tenda kwa macho ya yule mdogo.

Bei nafuu na mfuko mtupu

Kabla ya kuendelea ni lazima tulitaje jambo ambalo waandishi wa Marekani wanaosifu ununuzi wa pamoja hulipita kimya. Mwaka 1973 Mahakama Kuu ya nchi ile iliamua kesi ya wazazi wa Edgewood, wilaya ya shule iliyomo San Antonio, Texas, ambayo wakazi wake wengi walikuwa wafanyakazi wenye asili ya Meksiko. Takwimu zilizowekwa mbele ya mahakama, za mwaka wa masomo 1967-68, zilikuwa hizi. Edgewood ilijitoza kodi ya mali ya dola 1.05 kwa kila dola 100 ikapata dola 26 kwa kila mwanafunzi. Jirani yake Alamo Heights, mtaa wa matajiri, ilijitoza senti 85 tu ikapata dola 333. Maskini walijikamua zaidi, wakapata chini ya sehemu moja ya kumi. Majaji watano dhidi ya wanne wakasema katiba ya nchi haikuvunjwa.

Sasa tuzipe wilaya hizo mbili tenda moja na bei moja ya dawati. Alamo Heights itanunua madawati, darubini na piano. Edgewood itanunua madawati, tena yasiyotosha. Punguzo la asilimia 10 ni asilimia 10 ya ulichonacho. Ndiyo maana tumekisifu kile kifungu cha New York. Ununuzi wa pamoja usiogusa mgawanyo wa mapato huweza kumpunguzia maskini bei na bado ukamwacha alipokuwa, na mwenye nacho akaondoka na akiba kubwa zaidi.

Ushirika ulivyogeuzwa biashara

Kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 sura ilianza kubadilika. Majimbo mengi yalikuwa na sheria zinazoruhusu taasisi za umma kutumia mamlaka zao kwa pamoja, na zikazuka taasisi za ununuzi zisizojua mipaka ya jimbo. Katika mji mdogo wa Staples, Minnesota, taasisi ya huduma iliyoanza mwaka 1978 kwa ajili ya shule za eneo lake ilikua ikaitwa National Joint Powers Alliance, na tangu mwaka 2018 inaitwa Sourcewell. Bado ni taasisi ya umma, lakini mikataba yake hutumiwa nchi nzima. Texas ilikuwa na vituo 20 vya huduma za elimu tangu mwaka 1967, na chama cha bodi za shule cha jimbo hilo kikaanzisha mpango wake wa BuyBoard mwaka 1998. Mwaka 1996 iliundwa U.S. Communities, ikidhaminiwa na vyama vya kitaifa vya miji, vya kaunti na vya maofisa wa fedha wa shule.

Utaratibu wao ni huu. Taasisi moja ya umma, mara nyingi wilaya ya shule au kituo cha elimu, hutangaza tenda kama mtangulizi. Tenda hiyo huandikwa kwa namna ya kuruhusu taasisi nyingine yoyote ijiunge baadaye bila kutangaza yake. Wamarekani wenyewe huliita jambo hili kubebwa mgongoni. Muuzaji aliyeshinda hulipa asilimia ndogo ya mauzo yake kwa taasisi inayosimamia. Wilaya inayojiunga hailipi kitu, hujiandikisha tu.

Msomaji na atazame vizuri nani anamlipa nani. Katika duka la Rochdale mwanachama alilipa hisa, akapiga kura, na akapata sehemu ya ziada kwa kadiri ya alivyonunua. Katika BOCES wilaya hulipa, kwa hiyo huuliza. Katika utaratibu huu mpya msimamizi hula kwa mkono wa muuzaji, na mapato yake hukua kadiri mauzo yanavyokua. Hatusemi kwamba kila msimamizi ni mla rushwa, na wengi wao hutoa huduma nzuri kwa wilaya zisizo na ofisa ununuzi. Tunasema kwamba fedha ina mwelekeo, na mwelekeo wake hapa si kwa mnunuzi.

Mwaka 2016 wilaya ya shule za umma ya Prince William County, Virginia, ikifanya kazi ya utangulizi kwa U.S. Communities, ilitangaza tenda ya soko la mtandaoni lenye bidhaa za kila aina, kuanzia vifaa vya ofisi hadi vitabu na vifaa vya muziki. Januari 2017 mkataba ukapewa Amazon. Muda wake, pamoja na nyongeza zote zilizoruhusiwa, ulikuwa miaka 11, na mauzo yake yalikadiriwa kufikia dola bilioni 5.5. Taasisi ya Institute for Local Self-Reliance, katika ripoti yake ya mwaka 2018, ilionyesha mambo mawili. Mkataba haukuweka bei maalumu, bali uliacha bei zipande na kushuka kama zinavyofanya mtandaoni kwa mteja yeyote. Na tenda yenyewe iliandikwa kwa upana kiasi kwamba muuza vifaa vya shule wa kawaida asingeweza kuijaza. Kwa hesabu ya taasisi hiyo, wilaya moja ya California ingelipa asilimia 10 hadi 12 zaidi kama vifaa vyake ingevinunua Amazon badala ya kwa muuzaji wake wa mahali. Kufikia wakati wa ripoti hiyo, serikali za mitaa, shule na taasisi nyingine zaidi ya 1,500 zilikuwa zimekwisha kujiunga.

Tukumbuke kwamba kununua pamoja kulibuniwa ili bei ipatanwe kabla ya kununua. Hapa umma uliungana kwa wingi usiopata kuonekana, na bei haikupatanwa. Na mwaka 2018 huohuo U.S. Communities yenyewe ilinunuliwa na OMNIA Partners, kampuni ya binafsi yenye makao Franklin, Tennessee. Chombo kilichojengwa kwa heshima ya vyama vya miji na vya shule, na kwa tenda zilizotangazwa na wilaya za umma, kikawa mali inayoweza kuuzwa na kununuliwa.

Kuna wanaosema kwamba sisi Watanzania hatuna la kuwafundisha wengine juu ya kuua ushirika. Ni kweli. Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilifutwa nchini kwa uamuzi wa Serikali, kazi zao zikapewa mamlaka za mazao, na ilibidi sheria ya mwaka 1982 kuvirudisha. Lakini tofauti ina maana kwa anayesoma siasa. Kwetu wanachama walijua siku ushirika wao ulipoondoka, wakalalamika, na malalamiko hayo yalikuwa sehemu ya sababu ya kurudishwa kwake. Kule hapana siku ya kuitaja. Mlango ulibaki na kibao kilekile, fomu zilekile, na mwalimu aliyeagiza karatasi Jumatatu aliagiza tena Jumanne.

Wala isidhaniwe kwamba njia ya awali imekufa. Mwaka 2012 idara za chakula za shule za New York, Los Angeles, Chicago, Miami-Dade, Dallas na Orlando ziliunda Urban School Food Alliance. Kwa pamoja zililisha karibu wanafunzi milioni 3 kila siku. Jambo lao la kwanza kubwa lilikuwa sahani. Shule hizo zilitumia sahani za plastiki nyepesi zinazotupwa, za takriban senti 4 moja, na sahani za kuoza ziliuzwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Ziliandika tenda moja, zikaeleza sahani ya umbo wanalotaka wao wenyewe, na zikaipata kwa senti 4.9. Kuanzia mwaka 2015 zilikadiria kuepusha sahani za plastiki milioni 225 kwa mwaka zisiende jalalani. Hazikuchagua katika orodha ya muuzaji. Zilisema kiwanda kitengeneze nini, na ni watumishi wa jikoni za umma waliosema hivyo. Desemba 2014 zilifanya vivyo hivyo juu ya kuku, zikitaka ndege waliofugwa bila kulishwa dawa za viuavijasumu.

Na huko New York, kila mwaka mwezi Aprili, bodi za wilaya wanachama wa BOCES huketi katika vikao vyao, huchagua wajumbe wa bodi ya chombo chao na hupigia kura bajeti yake ya utawala. Wajumbe hao wa bodi za wilaya ni watu waliochaguliwa na majirani zao. Vikao vyenyewe havina mvuto, mahudhurio huwa madogo, na magazeti hayavitaji. Bodi zilizo nyingi zikikataa bajeti, chombo hulazimika kuendesha utawala wake kwa bajeti ya dharura iliyobanwa na sheria.